Funza Chini ya Lenzi: Nuru Inavyotusaidia Kufuatilia Kilichomo Ndani ya Ngozi

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika. Tawi moja lilielekea magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Jingine lilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zilipanda bara, na watumwa wengi walipitishwa humo kwa nguvu. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mizigo mabegani na vichwani kwa miezi mingi. Walitembea kwa miguu, na wengi wao hawakuwa na viatu.

Mwezi Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, baada ya kungoja wapagazi kwa miezi kadhaa. Mwaka huo huo, upande wa pili wa bara la Afrika, meli iliyoitwa Thomas Mitchell ilifika Ambriz katika pwani ya Angola ikitoka Brazil. Mchanga uliokuwa umepakiwa ndani yake ili kuipa uzito ulikuwa na abiria ambaye hakuna aliyemwandikisha: kiroboto mdogo ambaye wanasayansi humwita Tunga penetrans, na ambaye Waswahili humwita funza au tekenya.

Funza huyu asichanganywe na funza wa nyama iliyooza, ambao ni viluwiluwi vya inzi. Yeye ni kiroboto kamili, na asili yake ni Amerika. Kutoka Angola alifuata nyayo za watu. Safari za Wazungu, majeshi na misafara ya biashara vilimchukua hadi bonde la Kongo na nchi za Maziwa Makuu. Kisha, kupitia njia za misafara, alishuka mashariki. Kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi na Zanzibar. Safari ya kuvuka bara zima ilimchukua takriban miaka 25, ingawa yeye mwenyewe huruka kimo cha sentimita 20 hivi tu. Umbali uliobaki alibebwa na miguu ya watu na ya wanyama.

Msafiri Oscar Baumann, aliyepita kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria mnamo 1892, alikuta watu wa Uzinza wakiwa na njaa. Mazao yalikuwa yakikauka shambani kwa sababu wenye mashamba walikuwa wameharibiwa miguu na funza kiasi cha kutoweza kufanya kazi. Mtaalamu Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya historia ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, aliliweka janga hili pamoja na sotoka ya ng'ombe na ndui miongoni mwa mapigo yaliyoivunja nguvu nchi hii katika miaka ile ya 1890.

Tatizo hilo halijawa historia tupu. Utafiti uliofanywa katika jamii moja ya vijijini wilayani Kasulu, si mbali na mwisho wa magharibi wa njia ile ya zamani, na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliochunguzwa walikuwa na funza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozi katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa.

Makala haya yanaeleza jambo moja katika elimu ya ugonjwa huu: jinsi nuru, lenzi na kalenda zinavyotumika pamoja kujua kama kitu kilichomo ndani ya ngozi ki hai au kimekufa, na kama dawa iliyotolewa imefanya kazi kweli.

MDUDU ANAYEKUA NDANI YA NGOZI

Funza jike aliye huru ana urefu wa milimita 1 hivi. Anapopata mguu hutanguliza kichwa na kujichimbia katika tabaka la nje la ngozi, liitwalo epidemisi, mpaka mdomo wake unaifikia mishipa midogo ya damu iliyo katika tabaka la chini yake, yaani demisi. Sehemu ya nyuma ya mwili wake haizami. Hubaki katika tundu dogo lenye upana usiozidi nusu milimita. Kwa tundu hilo funza huvuta hewa, hutoa kinyesi, hupandwa na dume na hutaga mayai. Dume hunyonya damu lakini halijichimbii.

Baada ya kuzama, jike huvimba. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi katika mji wa Fortaleza, Brazil, waliyagawa maisha yake ndani ya ngozi katika hatua tano, na mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo.

Hatua ya kwanza ni ya kuingia. Huchukua kati ya nusu saa na saa kadhaa, na huonekana kama kidoa chekundu au cheusi chenye kuwasha. Hatua ya pili ni ya siku ya kwanza na ya pili, ambapo mwili wa funza huanza kutanuka. Hatua ya tatu huanza baada ya siku mbili na kuendelea hadi wiki ya tatu: hapo huonekana duara jeupe au la manjano lenye nukta nyeusi katikati. Weupe ni tumbo lililojaa mayai, na nukta ni ncha ya nyuma ya mdudu. Katika hatua hii hutaga mayai zaidi ya mia moja, ambayo huanguka chini na kuanguliwa vumbini. Hatua ya nne ni ya kati ya wiki ya tatu na ya tano. Funza hufa, duara hugeuka kuwa gamba jeusi, na ngozi huanza kumsukuma nje. Hatua ya tano ni ya kovu, ambalo huweza kubaki kwa miezi.

Wataalamu wanakadiria kwamba ujazo wa mwili wa funza huongezeka mara 2,000 hivi. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kulipima dai hili. Tufe lenye kipenyo cha milimita 1 likifikia kipenyo cha milimita 10, ujazo wake huongezeka mara 10 × 10 × 10, yaani mara 1,000. Lakini funza anapoanza si tufe. Mwili wake umebanwa ubavuni, na ujazo wake ni mdogo kuliko wa tufe lenye urefu huo huo. Kwa hiyo kupata mara 2,000 si jambo la kushangaza.

MNG'AO UNAOMFICHA MDUDU

Mtu akiutazama mguu wenye funza juani, mara nyingi huona mng'ao mweupe juu ya ngozi kuliko kilichomo ndani yake. Sababu ni ya fizikia. Nuru inapotoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine hubadili mwendo wake. Sehemu yake hupinda na kuingia ndani, na sehemu huakisiwa. Kila kitu kiangavu kina namba inayoonyesha kimeupunguza mwendo wa nuru kwa kiasi gani. Kwa hewa namba hiyo ni 1.00, kwa mafuta ya nazi ni 1.45 hivi, na kwa tabaka kavu la juu la ngozi ni 1.55 hivi.

Ili kujua ni kiasi gani cha nuru kinaakisiwa pale inapoangukia wima, chukua tofauti ya namba mbili, gawanya kwa jumla yake, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kati ya hewa na ngozi tunapata 0.55 kugawanywa kwa 2.55, yaani 0.216, ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.047. Karibu asilimia 5 ya nuru hurudi kabla haijaingia popote. Asilimia 5 huonekana ndogo, lakini nuru inayoingia ndani ya ngozi na kurudi machoni ikiwa na habari za huko ndani nayo ni kidogo. Kwa hiyo mng'ao huifunika habari hiyo, kama vile mng'ao wa jua juu ya maji ya bwawa unavyowaficha samaki.

Ngozi ikipakwa mafuta na kuwekewa kipande cha kioo juu yake, hesabu hubadilika. Kati ya mafuta na ngozi tofauti ni 0.10, jumla ni 3.00, na jibu likizidishwa kwa lenyewe ni 0.0011. Kinachoakisiwa hapo ni asilimia 0.1 tu. Kioo nacho huakisi nuru kwenye uso wake wa juu, lakini uso huo ni laini na tambarare, hivyo mng'ao wake huenda upande mmoja na jicho laweza kuukwepa. Hii ndiyo siri ya chombo kiitwacho dematoskopi, ambacho madaktari wa ngozi hukitumia kila siku: lenzi inayokuza mara 10, taa ndogo, na mafuta au spiriti kati ya kioo na ngozi. Kwa chombo hicho nukta nyeusi ya funza huonekana kuwa tundu lenye ukingo, na katika weupe unaoizunguka huweza kuonekana mnyororo wa mayai.

Njia ya pili haihitaji mafuta. Taa huwekewa kichujio kinachopitisha nuru inayotikisika upande mmoja tu, na lenzi huwekewa kichujio kingine kilichogeuzwa nyuzi 90. Nuru iliyoakisiwa juu ya ngozi huendelea kutikisika upande ule ule wa mwanzo, hivyo huzuiwa na kichujio cha pili. Ile iliyozama ndani hugongana na chembe nyingi na kupoteza mwelekeo, hivyo sehemu yake hupita na kulifikia jicho. Katika kumchunguza funza njia hii ina faida kubwa. Mafuta yakiingia katika tundu la kupumulia huenda yakamdhuru mdudu, na mchunguzi anayetaka kujua kama dawa imemuua hapaswi kuruhusu chombo chake cha kutazamia kigeuke kuwa dawa ya pili.

KUTAZAMA NDANI ZAIDI

Nuru haipenyi ngozi sawasawa katika rangi zote. Mwanafunzi anaweza kuliona hili kwa kurunzi katika chumba chenye giza. Akiuweka mwanga chini ya kidole, kidole chote hung'aa wekundu. Nuru ya buluu na ya kijani imemezwa na himoglobini ya damu na melanini ya ngozi. Nyekundu ndiyo iliyobaki kupita. Mawimbi marefu zaidi, ambayo jicho haliyaoni na huitwa infraredi ya karibu, hupenya hata kuliko nyekundu.

Jambo hili lina maana ya pekee kwa Waafrika. Vitabu vingi vya tiba hueleza kwamba funza huzungukwa na duara jekundu la uvimbe, na picha zake ni za ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi melanini humeza sehemu kubwa ya nuru ambayo ingeuonyesha wekundu huo. Anayetafuta wekundu peke yake atasema hakuna uvimbe, ilhali mtoto anaumia. Kwa sababu hiyo mchunguzi hupapasa joto, hutazama kama ngozi imenyanyuka au imekaza, na humwuliza mwenye mguu. Katika utafiti wa ugonjwa huu zimetumika pia kamera za joto, ambazo hupokea infraredi inayotolewa na mwili wenyewe na kuonyesha sehemu iliyovimba kuwa na joto zaidi ya jirani zake, pasipo kujali rangi ya ngozi.

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walieleza chombo kinachopima kina kwa nuru, kama vile popo anavyopima umbali kwa mwangwi. Tatizo lao lilikuwa mwendo wa nuru. Nuru huhitaji muda usiofikia sehemu moja ya bilioni mia ya sekunde kuzama milimita 1 ndani ya ngozi na kurudi, na hakuna saa ya kawaida inayoweza kuukamata muda huo. Kwa hiyo waligawa mwali wa nuru katika sehemu mbili, moja ikaelekezwa kwenye kitu kinachochunguzwa na nyingine kwenye kioo. Mawimbi ya sehemu hizo mbili yanaporudi na kukutana, huimarishana tu kama yamesafiri umbali ulio sawa. Kwa kubadili umbali wa kioo, mchunguzi husoma kina cha kila tabaka kwa usahihi unaokaribia mikromita 10. Leo chombo cha namna hiyo hutumiwa sana na madaktari wa macho. Katika ngozi huona hadi kina cha milimita 1 au 2.

Katika miji mikubwa ya dunia chombo hicho kimetumika pia katika jambo lililo mbali na funza. Watu wengine hudungwa chini ya ngozi ya uso ute wa asidi ya hyaluroni ili kujaza mikunjo. Mwili huunyonya ute huo polepole, kwa miezi mingi au zaidi ya mwaka, na daktari hutaka kujua: je, bado upo? Umehama mahali ulipowekwa? Mwili umeujibu kwa uvimbe? Ute uliodungwa kwa kina kuliko uwezo wa nuru hutazamwa kwa mawimbi ya sauti. Maswali hayo ni yale yale anayouliza mganga wa zahanati juu ya funza. Kitu kigeni kimeingia katika ngozi, hakionekani vizuri kwa nje, na hali yake hubadilika kadiri siku zinavyopita.

PICHA MOJA HAITOSHI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tuseme mama mmoja ampaka mwanawe dawa fulani kila jioni, na baada ya wiki mbili aona kwamba pale palipokuwa na duara jeupe sasa pana gamba jeusi. Funza amekufa. Mama atawaambia majirani kwamba dawa ile ni kiboko, nao wataitumia.

Lakini tazama tena zile hatua tano. Funza aliyekuwa na umri wa siku kumi wakati dawa ilipoanza angefikia hatua ya nne ndani ya wiki hizo mbili bila kupakwa kitu chochote. Kila dawa, hata maji matupu, ikitumiwa kwa muda wa kutosha itaonekana imemuua funza, kwa kuwa funza hufa mwenyewe. Mafuta ya taa, majivu, dawa za kuulia wadudu wa mifugo na mengine mengi yamepata sifa kwa njia hii, na baadhi yake ni sumu kwa mtoto.

Kosa la upande wa pili nalo hutokea. Funza aliyekufa habanduki siku hiyo hiyo. Mzoga wake hubaki ndani ya ngozi kwa siku nyingi, na kwa jicho la haraka hufanana na aliye hai. Mtu huona kwamba dawa nzuri haikufaa, huiacha, kisha huchukua pini au mwiba na kuchimba. Kidonda huachwa wazi, na vumbi la bakteria wa pepopunda huingia. Pini ile ile ikipita katika mguu wa mtoto mmoja hadi wa mwingine huweza kupeleka virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Basi mchunguzi anahitaji alama za uhai zisizotegemea umbo la nje peke yake. Watafiti wa ugonjwa huu hutazama tundu la funza kwa hadubini ndogo ya mkononi yenye kamera, kwa dakika kadhaa mfululizo, wakitafuta mambo manne: yai linalosukumwa nje, uzi wa kinyesi unaotoka, majimaji ya kinyesi yanayotoka, na mpigo, yaani kutikisika kwa ncha ya mwili wa mdudu. Likionekana hata moja, funza yu hai. Yakikosekana yote katika siku zinazofuatana, amekufa. Picha iliyosimama haionyeshi mpigo, na ziara moja haitofautishi mdudu aliyekufa na aliyetulia.

MGUU WA KULIA NA MGUU WA KUSHOTO

Njia hiyo ilitumika katika jaribio lililofanywa vijijini nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014. Watafiti walitaka kujua kama dimetikoni, mafuta mepesi ya jamii ya silikoni, yanaweza kumuua funza bila kuchimbwa. Mafuta hayo hayana sumu ya kushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Nguvu yake ni ya kifizikia: mvuto wa uso wake ni mdogo sana, kwa hiyo hutambaa na kuingia katika tundu dogo la kupumulia na kuliziba.

Waliochunguzwa walikuwa wanafunzi 47. Kila mmoja alipakwa dimetikoni mguu mmoja, na mguu wa pili ukaoshwa kwa pamanganeti ya potasiamu, maji ya zambarau ambayo yalikuwa yakitumika sana kwa ugonjwa huu nchini humo. Uzuri wa mpango huo ni kwamba miguu miwili ya mtoto mmoja huishi katika nyumba moja, hukanyaga vumbi moja na ina kinga moja ya mwili. Kikitokea kitu tofauti kati yake, haielekei kuwa kimesababishwa na chakula, sakafu au umri. Watafiti waliwafuatilia funza wale wale kwa hadubini siku baada ya siku.

Baada ya siku 7, asilimia 78 ya funza waliopakwa dimetikoni walikuwa wamepoteza alama zote za uhai. Katika mguu wa pamanganeti waliopoteza walikuwa asilimia 39.

Namba hii ya pili ndiyo yenye funzo kubwa kwa mwanafunzi wa sayansi. Lau watafiti wangechunguza mguu wa pamanganeti peke yake, wangeweza kuandika kwamba dawa hiyo inaua karibu funza 4 katika kila 10 ndani ya wiki moja, na wengi wangeridhika. Lakini hatuwezi kujua wangapi kati yao waliuawa na pamanganeti na wangapi walifika mwisho wa maisha yao. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba tofauti kati ya miguu miwili, yaani pointi 39 za asilimia, haikuletwa na uzee wa funza, kwa sababu uzee ulikuwapo katika miguu yote miwili. Mguu wa pili ndio ulioipa hadubini maana.

KAZI INAYOWEZA KUFANYWA SHULENI

Shule ya sekondari isiyo na dematoskopi yaweza kufanya kazi ya manufaa katika kata yake, mradi masharti yafuatwe. La kwanza ni kwamba hakuna mtoto anayeachwa na funza ili atazamwe. Aliyekutwa naye hupelekwa zahanati, na hali yake ya chanjo ya pepopunda huulizwa. Kinachofuatiliwa ni mguu baada ya tiba.

La pili ni heshima. Mwenye funza mara nyingi huchekwa na kuitwa mchafu, hata akakimbia shule. Ukweli ni kwamba funza huzaliana katika sakafu ya udongo wenye vumbi na hubebwa na nguruwe, mbwa na panya. Familia isiyo na saruji wala maji ya karibu huumwa kuliko nyingine kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jina haliandikwi katika daftari la uchunguzi, bali namba. Na picha haichukui uso.

La tatu ni utaratibu. Picha ya kwanza na ya mwisho zinaweza kulinganishwa tu kama zimepigwa kwa umbali mmoja, kwa nuru inayotoka upande mmoja, na rula yenye milimita ikiwa kando ya kidonda. Simu ya kawaida yenye kamera, pamoja na lenzi ya kukuzia iliyowekwa mbele yake, hutosha. Saa ya asubuhi kivulini ni bora kuliko jua la mchana, kwa kuwa nuru iliyotawanyika haileti mng'ao mkali. Katika daftari huandikwa tarehe, mguu upi, kidole kipi, kipenyo kwa milimita, rangi ya katikati na ya ukingo, na kama mtoto anatembea bila kuchechemea. Hili la mwisho lisidharauliwe, kwani ndilo jambo lenyewe ambalo tiba inalitafuta.

La nne ni nyumba. Miguu iliyopona katika nyumba yenye vumbi lile lile itapata funza wapya, nao huonekana katika daftari kama vidoa vya hatua ya kwanza mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Daftari likionyesha hivyo, tatizo si dawa bali ni sakafu. Kumwagia maji na kuishindilia, kufagia kila siku, kuosha miguu kwa sabuni jioni na kutolaza mifugo ndani ya nyumba hupunguza vumbi ambalo viluwiluwi hulihitaji.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Funza aliyebebwa na misafara hiyo alibaki. Wapagazi wa 1890 hawakuwa na namna ya kumjua kabla hajawalemaza. Mwanafunzi wa leo katika nchi hiyo hiyo ana lenzi, rula, kalenda na elimu ya kuvitumia, na mdogo wake anayechechemea akielekea shule ya msingi anaweza kuifaidi elimu hiyo wiki hii hii.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Namba ya mwendo wa nuru kwa maji ni 1.33. Kokotoa asilimia ya nuru inayoakisiwa kati ya maji na ngozi. Je, maji yangefaa badala ya mafuta chini ya kioo?

2. Mtu adai kwamba majivu yameponya funza wote wa mwanawe kwa siku 25. Ni maswali gani matatu ungemwuliza kabla ya kukubali?

3. Kwa nini katika jaribio la Kenya kila mtoto alipewa dawa zote mbili, badala ya nusu ya watoto kupewa moja na nusu nyingine? Taja faida moja na kasoro moja ya mpango huo.

4. Daftari linaonyesha kwamba kipenyo cha kidonda hakikubadilika kwa siku tano baada ya tiba. Je, hilo lathibitisha kwamba funza bado yu hai? Eleza.